Swali Moja kutoka Kivinje

Nakumbuka mchana mmoja wa Lindi, mwanangu, joto limelala juu ya mabati na feni ya ofisini inazunguka kama inayosinzia. Serikali ilikuwa imeanza kuruhusu biashara za watu binafsi, na kampuni ya dawa iliyoniajiri ilikuwa na maduka Kilwa Kivinje na Masoko. Habari za dawa zote zilikaa kwenye kompyuta moja pale Lindi.

Programu zake ziliandikwa na Mzee Dastani, mtu wa Rondo, kwa Kobol, lugha ya kompyuta iliyokuwa imeshazeeka hata wakati ule. Kila programu ilijibebea kazi yote: kupiga simu Lindi kutoka dukani, kusubiri mluzi wa mashine ya kuunganisha kompyuta, kufungua hifadhidata ya dawa, kutafuta, kufunga. Bi Somoe, muuzaji wetu wa Kivinje, alijibu maswali ya skrini moja baada ya jingine. Laini ya simu ikikatika, anaanza upya.

"Mzee, naomba hatua hizo nizikusanye mahali pamoja," nilimwambia. "Bi Somoe aandike jina la dawa tu, mengine yajiendeshe."

"Unataka kuivunja kazi yangu?"

"Sivunji, mzee. Naitumia hiyo hiyo."

Alizitazama herufi za kijani kwenye skrini, kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali. Kisha akasogeza kiti kando yangu. Tuliandika pamoja mpaka mvua zikaja na kupita.

Wakati wa kuvuna ufuta, mkulima mmoja aliumwa na nyoka. Ndugu zake walisimamisha gari dukani kwa Bi Somoe, tayari kumkimbiza Lindi, safari ya kutwa kwa barabara ya siku hizo. Bi Somoe akaandika jina la dawa ya sumu ya nyoka. Laini ilishika kidogo, ikakatika, lakini jibu lilikuwa limeshafika: Lindi hakuna, Masoko ipo. Wakageuza gari. Masoko ni karibu, na kituo cha afya kiko huko huko.

Jioni Bi Somoe alinipigia. "Mwanangu, amefumbua macho. Ameomba uji."

Nilipomweleza Mzee Dastani, alitoka nje, akasimama peke yake akiitazama ghuba. Sikumfuata.

Basi, mwanangu, ukiwatengenezea watu kitu, ugumu ubaki kwako. Mwenye shida aulize tu, ajibiwe. Na kazi ya waliokutangulia usiitupe. Kaa nao, uwaombe wakuoneshe ilivyo. Mola akufungulie ufahamu, akupe usingizi mwema, na kheri ya mikono yako iwafikie hata wasiokujua.