Kitambaa Juu ya Sola

Fundi Saa alikaa miaka arobaini na moja nyuma ya kidirisha chake sokoni, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Siku hizi hakuna anayemtafuta. Watu hutazama saa kwenye simu, na saa ya mkono ikisimama huitupa kama ganda la ndizi. Zamani mtu alitia saa yake ufunguo kila asubuhi, na fundi akiifungua aliweza kukwambia nani aliifungua kabla yake.

Wiki ile umeme ulikatika Jumatano na haukurudi. Binti yake, anayeishi mbali, alikuwa amelazwa kujifungua, na aliahidi kupiga Jumamosi saa nane mchana. Simu yao ya vitufe ilikuwa imezima.

"Ipeleke kwa yule mwenye jenereta," mkewe alimwambia.

"Nimetengeneza saa za mahakimu. Leo nikapange foleni na waya mkononi?"

Akaokota taa nne za bustani zilizotupwa, akazing'oa vioo vyake vya sola, akaviunga kwa risasi ya kuyeyusha juu ya kipande cha mbao, kimoja baada ya kingine. Akaweka kidude cha kupunguza nguvu ya umeme, akamalizia na waya wa chaja ya zamani. Jumamosi saa nne mimi, jirani yake, nilimkuta uani. Alipima kwa mita, mshale ukapanda vizuri. Akachomeka simu, akaacha sola juani, tukaingia ndani kunywa chai.

Tulipotoka, simu haikuwa hata na dalili ya uhai.

Alifungua kila kiungo, akaunga upya, akapima. Mshale ukapanda. Tukarudi ndani. Saa sita, simu kimya vilevile.

"Vitu vya siku hizi havina adabu," alisema.

"Au fundi ndiye wa siku zile," mkewe akajibu kutoka jikoni.

"Mama Watoto, leo usinianze."

Alifungua mara ya tatu. Akajichoma kidole kwa pasi ya kuyeyushia risasi. Saa saba na nusu alichomeka tena, na safari hii mimi nilikataa kuondoka. Nilisimama mlangoni. Yeye alipoingia tu kuosha kidole, mkewe alitoka na kitambaa cheupe alichofuma kwa mkono, akakitandaza juu ya sola, akakinyoosha pembe zote nne.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nakinga vumbi, kama zile mara mbili; nikiwasikia mnatoka nakitoa. Redio yake nimeifunika, cherehani nimeifunika, saa ya ukutani nimeifunika. Kitu cha kioo unakiacha wazi uani?"

Fundi Saa alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliangalia kile kitambaa. Kitambaa kama hicho kilifunika meza yake ya kazi tangu walipooana; ndiyo maana hakuwahi kupoteza skrubu kwa vumbi. Alikiondoa, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni.

Saa nane na dakika tisa simu iliwaka. Saa nane na robo ililia.

"Ni msichana," mkewe alisema, akajifuta macho kwa kiganja. "Wote wazima. Anauliza tumechajije."

Fundi Saa alikuwa ameinua ile mbao kichwani kufuata jua, waya umenyooka hadi sikioni kwa mkewe.

"Mwambie nimetengeneza."

Mkewe akasikiliza. "Anasema chaja ya sola ya dukani ni bei rahisi tu, atakutumia."

"Mwambie arudi kwenye habari za mtoto," alisema, "mikono inachoka."