Binti Koleo wa Zahanati Yetu

Ting!

Ndivyo jino lilivyolia lilipodondoka ndani ya bakuli la bati jeupe, kwenye chumba cha meno cha zahanati yetu, upande wa Kaliua. Kabla ya ting, benchi zima la barazani lilikuwa kimya, watu wameshika pumzi kama vile wote wana taya moja. Baada ya ting, kicheko.

"Limetoka bepari!" mtu anasema.

"Lionyeshwe! Tulione lilivyonenepa!"

Siku zile redio ilikuwa inatuhubiria mabepari na kupe asubuhi na jioni, nasi tukaona hakuna kupe kuzidi jino bovu: halitafuni, halisaidii, na mwili mzima unalitumikia.

Mimi nilikuwa mfagiaji. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa, kijiji kikanipa ufagio. Nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa ukindu wa bondeni, mzito, wa kupendeza, na sikuuonea aibu hata kidogo. Nilifagia nikiimba. Nilifagia nikijiona nimevaa koti jeupe, nimekaa dirishani kwenye treni ya kwenda Tabora, watu wa stesheni wananipungia mikono bila kunijua. Baba alikuwa kwenye genge la reli, nyumbani tulibaki mimi na bibi, na bibi hakuwahi kuniambia niache kuota. Yeye aliniambia tu nisisahau kupindua sufuria nikishaziosha.

Majengo ya zahanati yalikuwa ya misheni kabla watu hawajahamishiwa kijijini. Masista waliporudi mjini waliacha vitanda, kabati, na picha moja iliyotundikwa chumba cha meno. Bwana mganga, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliikuta pale na hakujua inahusu nini. Wala sisi. Mimi na bibi ni Waislamu, na hata Wakristo wachache wa kijijini walisema hawajawahi kuiona kanisani.

Ilikuwa picha ya zamani ya Ulaya, iliyopigwa chapa kwenye karatasi nene. Msichana mweupe, nywele zimesukwa zikazungushwa kichwani, gauni jekundu lenye mikunjo iliyochorwa mpaka unatamani kuipiga pasi. Mkono wa kulia ameshika koleo refu, na kwenye ncha ya koleo, jino. Jino kubwa, safi, lenye mizizi yake yote. Mkono wa kushoto ameshika kuti la mtende. Na uso, jamani, uso ule! Hana haraka, hana wasiwasi, anakutazama kama mtu anayeuliza, "Nani anafuata?"

Sasa wewe ungesema ni nani? Sisi tulisema ni mganga wa meno. Tukamwita Binti Koleo.

Bibi ndiye aliyetuhakikishia. Yeye alichongwa meno ya mbele akiwa kigoli, akabaki na pengo la pembetatu katikati, urembo wa wasichana wa Kinyamwezi wa enzi zake. Siku aliyokuja kung'olewa gego alisimama mbele ya picha ile mpaka bwana mganga akamwuliza kama ameghairi.

"Huyu namjua," bibi akasema. "Yeye mwenyewe simjui, kazi yake ndiyo naijua. Aliyenichonga mimi alikuwa mwanamke, na alinitazama hivi hivi, kama anachagua mchele."

"Na hilo kuti, bibi?"

"La kusukia mkeka, mteja asipokuja."

Mimi nilikuwa na yangu. Niliona koleo mkono huu, ukindu mkono huu, nikajua: huyu ni mwenzangu. Alianza kwa kufagia.

Siku moja akaja mkulima wa tumbaku, jitu la miraba minne, shavu limevimba kama amebania embe. Kila koleo lilipokaribia alikuwa anamshika bwana mganga mkono. Niliacha ufagio, nikasimama nyuma ya kiti, nikakishika kichwa chake kwa mikono miwili, nikaanza kumwuliza habari za tumbaku yake. Imekauka vizuri? Bani lake la kukaushia linavuja? Nani anamsaidia kufunga majani? Alikuwa ananijibu kwa pua tu, mm, mm, na katikati ya mm moja, ting.

"Tayari?" akauliza, machozi yanamtoka.

"Tayari, kaka. Bepari huyo bakulini."

Tangu hapo watu walianza kufika, wakisalimu kwa Kinyamwezi na kuuliza papo hapo, "Mwangaluka, yupo yule wa kushika vichwa?" Na bwana mganga, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, akawa ananiachia koleo mara kwa mara, yale meno yaliyolegea, yeye amesimama pembeni ananielekeza. Nilijua namna jino linavyokubali. Mkono unalihisi kabla sikio halijasikia.

Ndipo ikaja habari kutoka wilayani: kijiji kichague kijana mmoja aende Tabora kujifunza kazi ya meno, arudi awatumikie wenzake. Bwana mganga alinitaja mimi. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikasahau kupindua sufuria.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano palepale barazani. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyetupimia kiwanja mimi na bibi, akatuchagulia penye kivuli. Lakini aliposikia jina langu alivua kofia, akaivaa tena.

"Msichana huyu?"

"Mikono yake ni mizuri," akasema bwana mganga.

"Ya kufagia, sawa. Lakini kushika mataya ya wanaume? Bwana mganga, jino linataka nguvu. Hii ni kazi ya kiume."

Nikaomba kusema. Sauti yangu ilikuwa imepanda juu kama ya kifaranga, lakini ilitoka.

"Ndugu mwenyekiti, mle ndani kuna mwanamke ana koleo mkononi na jino amekwisha kulitoa. Nenda ukamtazame kama ana misuli."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye alikuwa mtu wa haki kwa namna yake: aliinuka, akaingia, akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa anajikuna kidevu.

"Haya. Sista anakuja wiki hii kupima watoto. Picha ni yao. Akithibitisha kwamba huyo ni mng'oa meno, utakwenda Tabora. Asipothibitisha, tutatafuta kijana wa kiume, na wewe utatulia na ufagio wako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikajibu, na moyoni nilikuwa nimeshapanda treni.

Sista alikuwa mzee wa Kizungu aliyekaa Unyamwezi mpaka Kiswahili chake kikanizidi mimi. Alishuka garini, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajaweka mkoba wake chini benchi zima likamwuliza kwa pamoja. Akacheka. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka.

"Nani amekwambia anang'oa meno, mwanangu?"

"Si koleo hilo hapo, Sista?"

"Koleo ni la waliomng'oa yeye. Hilo jino ni lake."

Akatusimulia. Zamani sana, Wakristo walipokuwa wakiwindwa, walimkamata wakamtaka aikane dini yake. Akakataa. Wakamvunja na kumng'oa meno. Wakawasha moto, wakamwambia sema tunavyotaka au tukutupe humo. Akaomba wamwachie mikono kidogo, na walipomwachia, akaingia mwenyewe.

"Akawanyima," bibi akasema taratibu. "Hawakupata raha ya kumtupa."

Jina lake Sista alilitaja, ila ulimi wangu ulishindwa kulibeba. Na akasema jambo lingine: hakuwa msichana. Alikuwa mtu mzima, bibi wa watu, wa mji wa Iskanderia, Misri.

Mwenyekiti akashtuka. "Misri hii ya Afrika? Mbona basi mmempaka weupe?"

"Waliomchora hawakufika Misri, ndugu mwenyekiti. Kila mmoja alimchora dada yake."

Alitoa kadi kwenye kitabu chake cha sala, picha ndogondogo za wachoraji mbalimbali wa Ulaya, tukapokezana kwa uangalifu. Kwenye moja amefungwa nguzoni na wanaume wamemzunguka, koleo lao kubwa kama la mhunzi. Cha ajabu, wanaume hao ndio waliochorwa vibogoyo, sura zimewapinda. Kwenye nyingine amevaa mkufu, na kwenye mkufu linaning'inia jino la dhahabu. Nyingine koleo, nyingine koleo, nyingine koleo. Nami nilikuwa nikizitazama huku masikio yananiwaka, kwa sababu nyuma yangu vicheko vilikuwa vimeanza.

"Kumbe wakili wako ndiye mgonjwa!"

"Msichana, umetuletea shahidi hana meno!"

Nilimwonea huruma yule bibi wa Misri kuliko nilivyojionea mimi. Nilikuwa nimemtazama kila siku nikimpungia ufagio, na kumbe alikuwa ananionyesha jeraha lake. Nilitaka kulia. Halafu nikatazama tena ile kadi ya nguzoni, nikatazama picha ya ukutani kupitia mlango uliokuwa wazi, na kilio kikageuka kikawa kitu kingine.

"Naomba kusema, ndugu mwenyekiti."

"Sema tumalize."

"Sista, hawa waliomng'oa wanaitwa nani?"

"Hakuna anayewajua, mwanangu."

"Na koleo lao sasa hivi liko mkononi mwa nani?"

Sista aligeuka kuitazama picha yake kama vile hajawahi kuiona. "Mkononi mwake," akasema.

"Basi ni lake. Amewanyang'anya."

"Aliyempa ni mchoraji," mwenyekiti akakata. "Yeye alikwisha kufa."

"Wachoraji wote hao, ndugu mwenyekiti? Huyu nchi hii, huyu nchi ile, wala hawakukaa mkutano, na wote wakampa yeye? Sista, yupo hata mmoja aliyemchora amesimama peke yake, na koleo kalitupa chini?"

"Mimi sijamwona," akasema Sista.

Barazani pakawa kimya, kimya kile kile cha kabla ya ting. Nikadhani limetoka. Kweli nilidhani.

Mwenyekiti akavaa kofia. "Maneno mazuri. Lakini tulielewana, na shahidi wako hakuthibitisha. Msichana hawezi kupelekwa mjini akajifunze kutia mikono midomoni mwa watu. Akirudi nani atamwoa?"

"Mwenye jino bovu!" bibi akajibu, na hata mwenyekiti alicheka.

Lakini aliamua hivyo hivyo. Kijana wa kiume. Na picha, akasema, iondolewe, zahanati ni ya watu wote. Sista hakubishana. Aliishusha mwenyewe, akaifunga kwenye khanga, akaiweka kiti cha nyuma cha gari, akanipa moja ya zile kadi. Nikamrudishia kwa mikono miwili. Kwake ilikuwa ya kuombea, na mimi si wa dini yake. Isitoshe nilikuwa nimeshamtazama wa kutosha.

"Hilo kuti alilonalo, Sista," nikamwuliza dirishani, "ni la nini?"

"La ushindi. Zamani ndilo walilompa mshindi."

Gari likaondoka. Watu wakatawanyika, bado wanataniana kuhusu shahidi asiye na meno. Bwana mganga alibaki anafuta miwani yake.

"Kesho uje mapema," akaniambia. "Kuna meno."

"Kufagia au kushika vichwa?"

"Nimesema kuna meno."

Njiani bibi alikuwa ananitazama kwa pembeni. "Mke mwenzangu, unanuna?"

"Sinuni. Nafikiri."

"Mimi nimefurahi. Kumbe alikuwa bibi mwenzangu. Wakamfanya kigoli kwa sababu bibi hapendezi kwenye picha." Akaachama, akanionyesha lile pengo lake la pembetatu, na nyuma yake pengo jipya la gego. "Sasa wao waje wanichore mimi."

Nilicheka mpaka nikasimama.

Asubuhi nilifika kabla ya mtu yeyote. Nilifungua chumba cha meno. Ukutani palikuwa pamebaki mraba mweupe, msafi kuliko chokaa yote iliyouzunguka, na msumari juu yake. Niliwasha stovu, nikatia koleo ndani ya maji, nikasimama nikilisikiliza linavyogongagonga sufuria maji yalipoanza kuchemka. Nilifagia chumba, pembe zote, na chini ya kiti. Nilipomaliza sikuurudisha ufagio nyuma ya mlango. Nilipanda kwenye kigoda, nikautundika kwenye ule msumari, ukindu juu, mpini chini, katikati ya ule mraba. Nikashuka, nikanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, nikafungua mlango wa wagonjwa.