Ng'oeni Kilicho Kijani

Mbuke hakuwa mtu wa kushangaa ovyo. Alipoiona treni kwa mara ya kwanza, mwaka 1972, walipokuwa wakihama Kwimba kuja Usangu, aliuliza tu kama huwa inaoshwa. Mumewe Bujiku, aliyewatangulia na ng'ombe, alimwonyesha bonde lisilo na mwisho. Mbuke akasema, "Maji yapo," akaingia kazini.

Maji yalikuwepo kweli, na mpunga mwitu pia. Huo ni mwizi mwenye adabu. Unaota katikati ya mpunga wako, jani kwa jani, kimo kwa kimo, na jicho la mkulima haliwezi kuutenga. Unaupalilia, unaufukuzia ndege, halafu siku chache kabla ya mavuno wenyewe unapukutisha punje zake zote matopeni, uanze upya mwakani. Misimu minne Mbuke alimlisha mwizi huyo. Mwaka 1976 majaruba yake matatu, vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo za kushika maji, yalitoa gunia moja la kuaibisha. Mzee Kalinga, mwenyekiti wa kijiji, akaja kumwambia bila kuzunguka, "Mama Seni, ardhi ni ya kijiji. Nakupa msimu mmoja. Ukishindwa, tutampa mwingine."

Alichobaki nacho Mbuke ni madebe mawili ya mpunga mweusi. Miaka miwili nyuma, akichambua mbegu aliyonunua sokoni Uyole, alikuta punje kumi na tisa nyeusi. Wenzake walikuwa wakizitupa. Yeye alizipanda karibu na kisima, "tuone uchafu unaota nini." Ziliota majani ya zambarau, na mabua ya zambarau. Mbuke alichuchumaa hapo akiyatazama mpaka uji ukaungua jikoni. Mavuno yake akayapanda yote, akavuna tena, akapikia nyumbani kibaba kimoja tu.

"Ng'wana Malimi, huu wali wa msiba?" Bujiku alimtania, akimwita binti wa baba yake, alipouona weusi wake. Akala, akaulizia ukoko.

Desemba ile Mbuke alimwaga mbegu nyeusi yote katika majaruba yote matatu, asibakize hata konzi. Januari akaomba wanawake wa jirani waje kumsaidia palizi. Walipofika ukingoni walikuta vurugu ya rangi mbili, zambarau na kijani.

"Ng'oeni kilicho kijani," Mbuke akawaambia. "Cha zambarau msikiguse."

Hakuna aliyeinama. Leokadia, jirani yake wa karibu, alishika mche wa kijani, mzuri, umenenepa, akauachia.

"Dada, mkono wangu unakataa," akasema. "Tangu nizaliwe nang'oa kilichobadilika rangi. Leo ning'oe kilicho kizima?"

"Hata wangu unakataa," Mbuke akajibu, na hakuwa anatania. Aliinama, akafumba macho, akang'oa wa kwanza. Ulipotoka na mizizi yake alihisi kama ameiba kwake mwenyewe. Akang'oa wa pili macho wazi. Leokadia akamfuata, kisha wengine, wakinung'unika.

Jua lilikuwa la alasiri waliponyoosha migongo. Walichokiona hakuna kati yao aliyewahi kukiona. Majaruba matatu yalikuwa zambarau tupu, kutoka ukingo hadi ukingo, na maji chini yake yamechukua rangi hiyohiyo. Mwizi wa miaka minne alikuwa amelala kingoni, mafungu kwa mafungu, ng'ombe wa Bujiku wakimtafuna. Wanawake wakaanza kuongea kwa sauti ya chini. Mbuke aliogopa kidogo, kama anayeogopa kitu kizuri kupita kiasi chake.

Alivuna magunia tisa. Mzee Kalinga alizunguka kingo zote akitafuta mpunga mwitu, akaukosa, na habari ya kumpa mwingine shamba haikusikika tena.

Msimu wa tatu baada ya hapo, kukiwa kumebaki siku chache kuvuna, Mbuke alilipapasa suke moja la zambarau, na punje zake zote zikamwagika majini. Akaligusa lililo pembeni. Likamwagika. Akayachunguza majani na bua, vyote zambarau, rangi ileile aliyoilea kutoka punje kumi na tisa. Misimu iliyopita, wakati wa maua, mpunga mwitu wa mashamba ya jirani ulikuwa umeoa shambani kwake, na watoto wamevaa nguo za mama.

Mbuke alikaa ukingoni. Shamba lilikuwa hatarini tena, alilijua hilo, lakini hasira haikuja. Alistaajabu tu. Kitu kisicho na macho kilikuwa kimejua alichokuwa akikitazama yeye.

Leokadia alikuja, akaonyeshwa, akashika mdomo. "Sasa tutautambuaje, na rangi ni moja?"

"Kwa kuugusa," Mbuke akasema.

Siku tano mfululizo alipita katika majaruba yake akiyapapasa masuke moja moja kwa kiganja, na kila lililoshikilia punje zake alilifunga uzi, liwe mbegu.