Kilio Huanzia Getini

Enzi zetu Kiingereza kilikaririwa tu. Tukiwa darasa la sita, karibu na soko la Kibuye, mwalimu aliandika ubaoni neno "suppress", yaani kuzuia, na chini yake vitu ambavyo Waingereza huvizuia: kicheko, miayo, hasira, machozi. Tukaimba darasa zima, "suppress a laugh, suppress a yawn", huku harufu ya samaki wa kukaangwa ikitutesa kutoka sokoni. Wakati wa mapumziko tuliligeuza somo kuwa mchezo: mnatazamana, anayecheka kwanza ametoka. Binamu yangu Atieno hakushindwa hata siku moja. Hata ukimtolea ulimi, uso wake ulibaki mkavu kama omena, wale dagaa wa ziwani, iliyoanikwa.

Muhula huo Dani, nyanya yetu wa Seme aliyemlea Atieno, akafariki. Kwetu kilio huanzia getini. Kina mama huingia boma mbio wakipiga nduru, wakimwita marehemu kwa majina yake ya sifa. Sote tulilia. Atieno alisimama kando ya jeneza, kimya, ameuma meno. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba mtoto huyu hakumpenda nyanya yake. Nilijua si kweli, na iliniuma sana.

Shangazi akamwendea. "Atieno, kwani Dani alikukosea?"

"Hapana, Auntie. Nina-suppress machozi."

"Hiyo ya mwalimu wenu achia yeye. Hapa tunalia, tena Dani anasikia."

Akamshika mkono, akamrudisha mpaka getini. "Haya, ingia tena."

Atieno akaingia mbio. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Alipofika kwenye jeneza aliliangukia, na shangazi akamdaka.

Watoto wa siku hizi hawahitaji kufundishwa neno lile. Mwezi uliopita tulimzika shangazi yuleyule. Wajukuu walivaa fulana zenye picha yake, waya masikioni, wakitumiana vikatuni vya machozi kwenye simu huku macho yao makavu kabisa. Mfawidhi wa shughuli akatuomba tupunguze kelele ili ratiba isonge. Nilisikia uchungu, shangazi kuondoka hivyo bila hata nduru moja.

Atieno, ambaye sasa anafundisha Kiingereza Maseno, alinitazama. Akavua viatu, akatembea mpaka getini, akageuka. Vijana wakainua simu kumrekodi.

Nami nikavua vyangu, nikamfuata.