Embe Zilizonuka Omena

Sisi tuliokulia Kisian miaka ile hatukujua embe ya kununua. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na miembe minne, na embe zikianza kuanguka juu ya mabati ungedhani tunapigwa mawe. Tulikula mpaka midomo ikatoka vidonda vya utomvu. Watoto wa leo wanajua embe ya pakiti yenye mrija. Wape embe nzima, watakuuliza inafunguliwa wapi.

Zilizobaki mama alizikausha. Alikata vipande vyembamba, akavichovya kwenye maji ya chumvi, nami nikapanda kuvitandaza juu ya shuka safi kwenye mabati ya jikoni. Zikishakauka zinaingia debeni, zingoje uji wa wakati wa kiangazi.

Mwaka mmoja Dani, mama yake baba, akaagiza debe moja kwa ajili ya akina mama wa kanisa lake. Mama alifurahi kama amepewa ng'ombe, maana Dani hakuwahi kusifu chochote cha mkono wake. Alimwita Nyar Sondu, binti wa Sondu, kama wake wa kwetu wanavyoitwa kwa walikotoka, lakini mdomoni mwake ilisikika kama kesi.

Siku ya kutandaza kulikuwa na mpira, na shuka bado iko kwenye maji. Nikaona wavu wa omena uani, samaki washaanuliwa. Nikasema, kukausha ni kukausha. Nikamwaga embe zote hapo, nikakimbia. Nyumba nzima ilinuka omena, nani angejua?

Dani alijua. Alipokuja kuchukua debe lake, alionja kipande kimoja mbele yetu sote.

“Nyar Sondu, hii embe ulichuma ama ulivua?”

Baba alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mama akachukua kipande, akakuta omena mzima amegandia, na macho yake. Akaniangalia. Nikajibanza nyuma ya Baba.

“Ni mimi, Mama,” mama akamwambia Dani. “Nilitandaza vibaya.”

Dani akaenda zake bila debe.

Mama hakunichapa. Kesho yake alinipandisha juu na embe nyingine. “Moja moja. Zisigusane.” Zilipokauka, debe nililibeba kichwani mwenyewe mpaka kwa Dani, nikamwambia lile kosa lilikuwa langu. Alitafuna muda mrefu sana.

“Mwambie Nyar Sondu alete lingine.”

Nilirudi mbio, na mama aliposikia alifunika uso na leso akacheka.

Mimi shule niliachia darasa la saba. Leo nina malori matatu na nyumba Milimani, mtaa wa wenye pesa, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Embe zangu ni za kisasa, kubwa kama kichwa cha mtoto, na zinaoza chini huku wanangu wakiagiza juisi kwa simu. Juzi nikapanda juu ya mabati kuzitandaza, na kitambi changu hiki, wakanipiga picha wakicheka. Zilikauka vizuri kuliko za mama, nasema bila aibu. Lakini huku kila geti limefungwa, na hakuna Dani hata mmoja wa kuonja aniambie nimekosea.