Maji Niliyomnyima Dada Rehema

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ambayo shangazi alinishika mkono, akanitoa nje ya nyumba ya dada yangu na kuniuliza mto uko wapi. Nilikuwa nimerudi kutoka vitani, nina koti la jeshi na viatu vya ngozi, na nilijiona mtu anayejua. Leo meno yamekwisha na macho yananidanganya, lakini swali lile bado nalisikia. Kaa nikusimulie. Na usiniharakishe, maana habari hii siipendi, na nikiharakishwa nitaruka pale panaponiuma.

Vita vya Wazungu vilinichukua hapa hapa Iyula, vikanifanya mbeba machela. Tulivushwa bahari hadi India, kisha tukaingizwa katika misitu ya Burma, ambako mvua hainyeshi bali humwagwa. Huko nikapata homa. Hospitali ya jeshi iliiondoa homa, kikohozi kikabaki kifuani miezi na miezi.

Karibu na kambi tuliyopumzishwa palikuwa na mzee wa Kichina, fundi viatu. Nilimpelekea buti langu lililoachama mbele. Alinisikia nikikohoa, akaliweka buti chini, akaniambia nitoe ulimi. Tulizungumza Kihindi cha kuokoteza, mimi na yeye, na palipotushinda tulichora ardhini kwa kijiti. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu akafumba macho, muda mrefu hata nikadhani amesinzia. Kisha akanipa mizizi ya kuchemsha. Sijui kama iliyoniponya ni mizizi ile au ni kupumzika, ila kikohozi kiliisha, nami nikawa naenda kwake kila nilipopata ruhusa.

Alinieleza kuwa waganga wa kwao huitazama dunia kwa vitu vitano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Kila kimoja kina majira yake, na kila kimoja kina makao yake mwilini. Mti ni wa majira ya machipuko, upepo unapovuma na majani yanapochomoza, na hukaa kwenye ini. Moto ni wa joto kali, na hukaa moyoni. Udongo ni wa mwisho wa joto, hewa inapojaa unyevu, nao hukaa kwenye wengu na tumbo. Chuma ni cha wakati wa ukavu, majani yanapodondoka, na hukaa mapafuni, pale pale kilipokuwa kikohozi changu. Maji ni ya majira ya baridi, na hukaa kwenye figo. Wakati huo, alisema, maji hujificha ndani, na mtu mwenye akili huyatunza yasipotee.

Nilikuwa na kijitabu cha jeshi. Nikaandika kwa penseli: baridi, maji, figo. Maneno matatu tu, mwanangu. Hilo la kuyatunza sikuliandika, kwa sababu lilikuwa refu.

Niliporudi nyumbani watu walinipokea kama aliyefufuka. Nami, badala ya kushukuru na kushika jembe, nikaanza kuganga. Akija mtu anaumwa kichwa, nafungua kijitabu. Akija mwenye tumbo, nafungua kijitabu. Nilisema maneno ya Kihindi katikati ya Kinyiha chetu ili wasiojua waniogope kidogo. Shangazi Nambeye, dada yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa akitegemewa kwa dawa kijijini. Nusu ya watoto wa Iyula walizaliwa mikononi mwake. Nilimcheka waziwazi. Nilisema yeye anajua majani, mimi najua sababu.

Dada Rehema alinizidi miaka minane. Mama yetu alipofariki nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na mgongo ulionibeba baada ya hapo ulikuwa wa Rehema. Hilo ulijue kabla sijaendelea. Mumewe alikuwa amevuka mpaka kwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba, na alikuwa amemwacha mjamzito. Alijifungua mtoto wa kike, akamwita Tabitha. Katika nyumba ile mwanaume nilikuwa mimi.

Ilikuwa Julai. Unaijua Julai yetu: asubuhi majani yana barafu huko mabondeni, mchana upepo mkavu unapasua midomo. Tabitha alikuwa na miezi miwili. Dada akashikwa na tumbo la kuharisha, akawa anatoka maji matupu. Watu wakasema aitwe shangazi. Nikasema hapana, hii ni kazi yangu. Nikafungua kijitabu: baridi, maji. Nikajiona nimeona yote. Haya ni majira ya maji, na huyu anatoka maji, basi maji yamemzidi mwilini, na dawa yake ni kumkausha. Nikawasha moto mkubwa karibu na kitanda, nikamfunika mablanketi, nikakataza asipewe kitu cha kunywa.

"Mdogo wangu, nipe maji," alisema.

Nikamwambia avumilie, maji ndiyo yanayomuua. Aliniamini. Alikuwa amenilea, na sasa nimetoka mbali nimerudi na elimu, kwa nini asiniamini? Siku ya pili aliomba tena, sauti imekuwa nyembamba. Mtoto alikuwa analia kwenye titi lisilotoka kitu. Nikatoka nje ili nisisikie. Nilimpenda dada yangu kuliko mtu yeyote aliye hai, na kwa mapenzi hayo hayo nilikuwa namuua. Siku ya tatu hakuomba. Nikadhani anapona.

Siku hiyo ndipo shangazi alipoingia bila kubisha. Alitupa mablanketi chini. Akamfinya dada ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama, haikurudi. Akamtazama macho yaliyoingia ndani. Akagusa ulimi. Hakunipigia kelele. Alimwambia jirani aliyekuja naye achemshe maji, akanishika mkono, tukatoka.

"Mto uko wapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha kule bondeni.

"Nauliza maji yake yako wapi."

Mto ulikuwa umebaki mchirizi kati ya mawe. Akainama, akachota vumbi, akalitia kiganjani mwangu.

"Nchi nzima imekauka, baba. Ng'ombe wanalamba matope. Maji unayoyakausha ndani ya dada yako umeyaona wapi?"

Nikakifumba kiganja juu ya lile vumbi.

"Nani alikufundisha hivi?"

Nikamweleza habari za mzee wa Kichina. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mzee alikutibu bila kukutazama?"

Nikasema hapana, alinitazama ulimi, akanishika mkono muda mrefu.

"Basi usimsingizie. Haya ni yako."

Akarudi ndani, akaniacha na vumbi langu. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Siku ya kuagana, mzee yule alikuwa ameniuliza kama baridi ya kwetu huja na mvua au huja na ukavu. Nilikuwa na haraka ya kurudi kambini, nikamjibu kuwa baridi ni baridi. Alinitazama kidogo, kisha akasema nikifika kwetu nianze kutazama upya. Nikaitikia kama mtu anavyoitikia ili aondoke.

Shangazi alimpa dada uji mwepesi wa ulezi wenye chumvi kidogo, kijiko baada ya kijiko, kutwa nzima. Alikuwa akitapika, wanangoja, wanampa tena. Kesho yake dada alitoa machozi, na shangazi akasema sasa ataishi, kwa kuwa mwili umepata maji ya kulilia. Lakini maziwa yalikuwa yamekauka. Tabitha alipelekwa kwa jirani anyonyeshwe, ila alikuwa hana tena nguvu ya kuvuta. Siku ya tano alifariki.

Kaburi nililichimba mimi. Ardhi ya Julai ni ngumu, unajua, na kaburi la mtoto ni dogo, lakini lilinichukua asubuhi nzima. Dada alikuwa ameketi mlangoni, amejifunga shuka, ananitazama. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine. Afadhali angenilaumu.

Kijitabu sikukichoma. Nilimpelekea shangazi nikamwomba anifundishe, na kwa mwaka mzima hakunifundisha dawa hata moja. Alikuwa ananipeleka kwa wagonjwa, ananiambia nikae nitazame, kisha njiani ananiuliza nimeona nini. Nikisema kuharisha, anasema hilo ni jina, nimeuliza umeona nini.

Miaka mitatu baadaye, mumewe akiwa amerudi kutoka migodini, dada alipata mtoto wa kiume, Elia. Mvua zilipochachamaa, Elia naye akashikwa na tumbo. Nilikuwa shambani kwenye kahawa, nikaona jirani anakuja mbio kuniita. Nilipofika mlangoni nikasimama hapo hapo. Nikamwambia dada amwite shangazi, mimi siwezi.

"Shangazi yuko ndani," alinijibu. "Nimekuita wewe ukae naye umtazame, kwa sababu najua safari hii hutayaondoa macho."

Nilikaa siku nne. Kila alichokunywa nilikijua, kila alichotoa nilikijua, na ulimi wake niliutazama hadi nikaujua kama njia ya nyumbani. Elia aliishi. Ndiye huyo baba yako.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayejiandaa kwenda kusoma mbali. Sikukatazi elimu ya watu wengine. Mzee yule alisema kweli kwa nchi yake, na mengi aliyoniambia bado nayaheshimu. Ila ukirudi nayo, ipumzishe kwanza. Uliza nchi yako mvua yake inanyesha lini na upepo wake unavuma vipi. Ukiambiwa jambo refu, liandike lote, au usiliandike kabisa. Usimcheke aliyebaki nyumbani, kwa kuwa yeye alikuwa akitazama wakati wewe uko safarini. Na mgonjwa akikuomba maji, msikilize kabla hujafungua kitabu.

Mungu akujalie macho yasiyochoka na masikio yasiyo na kiburi. Akulinde huko uendako, akurudishe ukiwa mzima. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie mtu uliyemkosea awe na moyo wa kukuita tena.