Maji ya Moto ya Wifi

Kila asubuhi jua lilipochomoza, kitu cha kwanza kung'aa mtaani kilikuwa paa la wifi yake Mama Vifungo. Mirija myeusi ya kioo ya hita ya jua ililala kwa mshazari juu ya mabati, na juu yake pipa jeupe, na Mama Vifungo, aliyeshonea dirishani upande wa pili wa njia, hakuwa na pa kuyapeleka macho. Akiinama kutunga uzi, mng'ao ulimpiga kwenye sindano. Akiinuka kunyoosha mgongo, ulimpiga usoni. Aliwahi kuihamishia cherehani ukuta wa ndani, akakosa mwanga, akaharibu kola ya shati la mwenye duka, akairudisha dirishani huku akinung'unika.

Alikuwa fundi wa nguo, mjane, na jina lake alipewa na watoto wa shule aliowashonea sare, kwa sababu hakuwahi kutupa kifungo hata kimoja. Shati likichakaa likawa tambara la kudekia, vifungo vyake vilikatwa kwanza na kuwekwa koponi. Ndivyo alivyoishi na kila kitu. Maji ya kusuuzia vyombo yalikwenda kwenye miche ya nyuma ya nyumba. Maji ya kufulia yalideki sakafu, kisha yakamalizikia chooni. Ndani ya tangi la choo alitumbukiza chupa iliyojaa mchanga ili lisijaze maji mengi. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipenda kumtania kwamba ana mkono wa birika, tena birika lenyewe halina maji.

Wifi alikuwa mtu wa namna nyingine. Sebule yake aliigeuza saluni, na kutwa nzima maji yalitiririka, vikaushio vya nywele vikavuma, na hita ya umeme ikanguruma bafuni kama mtu aliyeshiba akalala chali. Bomba la nje lilivuja tangu siku lilipofungwa. Wifi alisema mlio wa matone unamsaidia kupata usingizi wa mchana.

Serikali ilipotangaza kwamba atakayeng'oa hita ya umeme na kuweka ya jua, au akabadili mabomba na vyoo vinavyopoteza maji, atarudishiwa sehemu kubwa ya gharama zake, wifi na Mama Vifungo walikwenda ofisini pamoja. Wifi alitangulia kuhojiwa. Ana hita ya umeme? Anayo. Bomba linavuja? Linavuja mno. Afisa alifurahi kama daktari aliyepata mgonjwa wa kutibika. Ikafika zamu ya Mama Vifungo, naye akajibu kwa fahari kwamba maji anachemshia jikoni kwa sufuria, bomba lake analikaza mwenyewe, na choo chake kina chupa. Afisa alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu kwa huruma.

"Mama," akamwambia, "wewe huna cha kupunguza."

Maneno hayo alirudi nayo nyumbani na akalala nayo. Aliyemwaga maji miaka yote ndiye aliyepewa zawadi ya kuacha kuyamwaga, na yeye aliyeyabana tone kwa tone hakupata hata asante. Lakini hilo angelimeza. Alikwisha kumeza mengi ya wifi: viatu vya wifi, sauti ya wifi, mume wa wifi aliye hai. Alichoshindwa kumeza ni kuhusu mama mkwe.

Mume wa Mama Vifungo alipofariki, kila mtu alitarajia bibi kizee ahamie kwa bintiye wa kumzaa, ng'ambo tu ya njia. Bibi aliketi kwenye kitanda chake cha siku zote na kusema miguu yake haina safari. Akabaki. Kila asubuhi mkwewe alichemsha maji, akayachanganya na ya baridi, akayapima kwa kiwiko, kisha akamkalisha kwenye kigoda bafuni na kumsugua mgongo. Ilikuwa saa yao. Bibi alizungumza habari za mwanawe alipokuwa mdogo, na mjane, akiwa nyuma ya ule mgongo mwembamba, alimsikia mumewe akizaliwa upya kila siku, akikimbia uchi uani, akikataa kuoga.

Hita ya jua iliyakata mazungumzo hayo. Zamani maji ya ile ya umeme wifi aliwawekea wateja wanaolipa, kwa kuogopa bili, na mama yake akipita alipewa dakika chache tu za kujimwagia. Sasa maji ya moto hayakuwa na bili. Bibi alivuka njia siku ya kwanza ili ajaribu tu, akarudi akitembea kama aliyevuliwa mzigo magotini. Akaenda tena. Baadaye ikawa ndiyo kawaida, na asubuhi Mama Vifungo akiuliza kama abandike sufuria, alijibiwa, "Usijisumbue, mwanangu, nitaoga kule."

Kule. Neno dogo hilo lilimchoma. Bibi alirudi akinukia sabuni ya waridi ambayo haikununuliwa katika nyumba hii. Siku nyingine alirudi amekatwa kucha. Siku nyingine nywele zake nyeupe zimesukwa mistari miembamba, na Mama Vifungo akasema zimependeza, kisha akaenda jikoni akasimama mbele ya sufuria tupu. Usiku alimsikia bibi akicheka peke yake kitandani, akajua anacheka jambo lililosemwa kule.

Ndipo wifi, akinunua uzi mweusi dirishani, akataja juujuu kwamba amesafisha chumba cha uani na kuweka kitanda, mama apate pa kujinyoosha akishaoga. Alisema hivyo akiwa anahesabu chenji. Mama Vifungo alimpa uzi wa kahawia bila hata kutambua.

Leo kujinyoosha, alifikiri, kesho mto wake, keshokutwa sanduku lake. Na siku sanduku lile litakapovuka njia, nyumba hii itabaki na cherehani na mimi.

Hapo wivu ukampa akili. Kama serikali inamlipa mtu aliye na hita ya umeme, basi na yeye atakuwa na hita ya umeme. Alikwenda kwa fundi bomba wa mtaa, aliyeitwa Spana, ambaye uani kwake kulijaa vyoo vilivyopasuka na sinki zisizo na wenyewe. Walikubaliana amshonee ovaroli, naye ampe hita moja kuukuu iliyoegemea ukuta. Spana alimwonya mapema kwamba ile hata ukiiombea dua haichemki.

"Si ya kuchemsha," Mama Vifungo akasema. "Nataka ionekane tu ukutani."

"Aa," Spana akajibu, akilibeba pipa begani. "Kuna nyumba zina waume wa aina hiyo."

Aliifunga bafuni pamoja na vipande viwili vya bomba vilivyoingia ukutani na kuishia humo humo. Mama Vifungo aliipangusa vumbi, akarudi nyuma kuitazama, akaiona nzuri. Bibi alipouliza, aliambiwa ni mambo ya serikali. Jina likapelekwa ofisini upya, kwa afisa mwingine, na mkaguzi akaahidi kufika.

Alikuja kabla ya jua kupanda sana, kijana mpole mwenye viatu vyenye matope, akavivua mlangoni bila kuombwa. Mama Vifungo alimwongoza bafuni. Alijua kwamba kudanganya serikali si mchezo. Mkaguzi aliikodolea macho hita, akafuata mabomba kwa kidole, akauliza kwa nini ukuta ni mkavu hivyo. Kabla hajajibiwa, bibi kizee aliyekuwa akipita na fimbo yake kuelekea kule akasimama mlangoni.

"Hii naijua," akasema.

Akaingia kati yao, akanyoosha mkono, akapapasa kitufe cha chini ambapo palikuwa na doa jekundu lililokauka. "Hii ni ya binti yangu. Hapa alipaka rangi ya kucha ili nisijiunguze, macho yangu hayasomi. Imefikaje huku?"

Mama Vifungo alihisi damu yote imepanda usoni. Katika taka zote zilizojaa uani kwa Spana, yeye alichagua na kuja kuitundika ukutani taka ya wifi. Mkaguzi alimtazama bibi, akamtazama fundi wa nguo, akajikohoza. Alisema kwamba hita ile aliishuhudia mwenyewe iking'olewa ng'ambo ya njia, na kwamba haiwezi kung'olewa mara mbili kwa fedha za umma. Kisha kwa sauti ya chini akauliza kama mama angependa yeye asahau kwamba alifika hapa. Mama Vifungo alisema angependa sana. Kijana akavaa viatu vyake na kuondoka.

Wakabaki wawili na lile pipa.

"Ulitaka nini, mwanangu?" bibi akauliza.

"Nilitaka uoge hapa, mama."

Bibi alikaa kwenye kigoda taratibu, mkono juu ya fimbo. Hakuharakisha kumbembeleza. "Maji ya kule ni matamu," akasema. "Sitakudanganya. Yakinimwagikia magotini natamani nisitoke."

Mama Vifungo alitikisa kichwa, machozi yakimchuruzika. Akauliza habari za kitanda cha uani.

"Nimekilalia. Kigumu kama benchi la hospitali." Bibi akavuta pumzi. "Nitaoga kule. Nitalala hapa. Na kuanzia leo utanivusha wewe, pikipiki za njia ile zinanitisha. Lete taulo."

Kwa hiyo siku hiyo hiyo, macho mekundu, Mama Vifungo alivuka njia akimshika mkwewe mkono. Hakuwa amekanyaga bafu la wifi tangu liunganishwe na hita ya jua, na alikuwa ameapa hatalikanyaga. Bibi aliingia, mlango ukafungwa, maji yakaanza kuvuma. Mama Vifungo na wifi yake wakabaki kwenye viti vya saluni ambayo bado haikuwa na wateja, kila mmoja akijitazama kwenye kioo chake.

Wifi alikuwa ameshasikia. Mdomo wa Spana haujawahi kuwa na mfuniko.

"Wifi yangu," akasema, "ungeniambia, ningekutupia na kile kiti kilichovunjika. Wakaguzi wangepata pa kukalia."

Mama Vifungo alikubali kipigo hicho. Alistahili. Alisubiri kingine, lakini wifi alikuwa akizungusha dodoki mkononi na uso wake umebadilika.

"Unajua ananiambia nini humo ndani?" wifi akasema bila kumtazama. "Eti mkwe wangu hupima maji kwa kiwiko. Mkwe wangu hasugui kwa pupa. Mimi nimepandisha mtambo mzima juu ya paa, nimeweka kitanda, nimemsuka nywele kwa mikono yangu, na mama yangu mzazi anakaa chini ya maji yangu akikusimulia wewe. Jioni navuta pazia nisione taa yako."

Furaha iliyompata Mama Vifungo ilikuwa mbaya na tamu, na alijua ni mbaya, akainamisha kichwa ili kioo kisimwonyeshe. Alitafuta neno la kumfariji wifi yake. Alilipata, akalionea choyo.

Maji yakaacha kuvuma. Sauti ya bibi ikatoka nyuma ya mlango, ikitaka mtu wa kumsugua mgongo.

Wote wawili waliinuka. Wifi alikuwa na dodoki, Mama Vifungo alikuwa na taulo, na mlango ulikuwa mwembamba. Waliingia kwa ubavu, bega kwa bega, hakuna aliyempisha mwenzake. Ndani mvuke ulikuwa mzito, na bibi ameketi akiwapa mgongo, mifupa yake inahesabika. Wifi alianza upande wa kushoto kwa dodoki. Mama Vifungo akachovya ncha ya taulo kwenye ndoo, akaipaka sabuni, akashika upande wa kulia.

"Polepole," bibi akasema. "Mnanichubua."

Wakapunguza nguvu, wote wawili, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.